Asante kwa viti, lakini viko stoo

Natumai umeketi vizuri, chai iko karibu, na watoto wamekwisha kugawana kurasa za katuni bila kuraruriana nguo. Leo nataka tuzungumze habari za kilabu.

Usinikodolee macho. Hata mama watoto alinikodolea hivyo hivyo nilipomwambia kwamba nimealikwa kilabuni Jumanne saa sita unusu mchana. Aliiweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua, akaniuliza kama kazi imeisha ofisini. Katika mtaa wetu kilabu ni kile chenye mabenchi na muziki wa Kongo, na mtu haendi huko mchana akiwa amefunga tai. Ilinibidi nieleze kwa mapana na marefu kwamba hii ni klabu ya aina nyingine, ya watu wanaokutana kula chakula cha mchana na kupanga namna ya kuwasaidia wasiojiweza. Akasema haya, lakini nirudi na tai hiyo hiyo.

Kilichonipeleka huko ni barua. Binti mmoja anayesoma chuo kikuu hapa Nairobi ameniandikia akiomba nisimtaje jina. Wenzake wamemwalika ajiunge na Rotaract, ambayo ni klabu ya vijana chini ya mwavuli wa Rotary. Shughuli yake ya kwanza, asema, itakuwa kutembelea makao ya watoto siku ya Jumamosi. Kila mmoja alete unga, sabuni na pesa za fulana. Baba yake amemkatalia katakata. Ati hizo ni klabu za matajiri ambao hula nyama hotelini, kisha wakaenda kupigwa picha na maskini. "Mzee," aniuliza, "ni nani mwenye haki, baba au wenzangu?"

Binti yangu, mimi si mtu wa kujitia kati ya mzazi na mwanawe, hasa mzazi mwenyewe akiwa ndiye anayelipa karo. Lakini nina jirani, mhandisi aliyestaafu, ambaye ni mwanachama wa klabu ya namna hiyo kwa miaka mingi. Nikamwomba anipeleke nikajionee. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nisiitaje klabu yao gazetini. Ndiyo maana hutaiona hapa, wala sitakwambia ni Rotary, ni Lions au ni nyingineyo.

Kabla sijakusimulia niliyoyaona, hebu nikurudishe nyuma kidogo, maana yule baba hakuokota maneno yake barabarani. Klabu hizi hazikuanzishwa na maskini, na mwanzoni hazikuanzishwa kwa ajili ya maskini. Tarehe 23 Februari 1905, wakili mmoja wa Chicago, Marekani, aitwaye Paul Harris, alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao. Mmoja alikuwa mhandisi wa migodi, mwingine akiuza makaa ya mawe, na mwingine akishonesha suti. Harris alikuwa amelelewa katika kijiji ambako kila mtu alimjua jirani yake, na jiji lile kubwa lilikuwa limemtia upweke. Alitaka marafiki. Na tuseme ukweli, walitaka pia kupeana biashara: wewe ununue makaa kwangu, nami nije unishonee suti. Walikutana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kutokana na kuzunguka huko wakajiita Rotary. Kwa hivyo chama chetu cha akina mama cha kuzungushiana pesa, kile cha kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kina ndugu wa mbali huko Chicago.

Baadaye waliona haya kula tu na kuuziana vitu. Mwaka 1907 walifanya kazi yao ya kwanza ya kuuhudumia umma, na unajua ilikuwa nini? Vyoo. Walisaidia kupatikana kwa vyoo vya umma katikati ya jiji la Chicago. Liweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Nairobi ilipata klabu yake ya kwanza ya Rotary mwaka 1930. Mwaka 1930, msomaji, Kenya ilikuwa koloni, mtaa uliokaa ulitegemea rangi ya ngozi yako, na babu yako alitembea na kipande shingoni. Unaweza kukisia mwenyewe ni nani walioketi mezani na ni nani walioandaa meza. Wanawake nao, wa rangi yoyote, hawakuruhusiwa kuwa wanachama popote duniani. Ilichukua kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987 kulifungua lango hilo, na ni mwaka 1989 tu Rotary ilipoibadilisha katiba yake ili wanawake waingie katika kila nchi. Lions, ambao pia walianzia Chicago, mwaka 1917, nao waliwafungulia wanawake mwaka huo huo wa 1987. Kwa hivyo ukimwona mama akiigonga kengele ya mwenyekiti leo, ujue haki hiyo ina umri mdogo kuliko wengi wanaosoma ukurasa huu.

Hayo ndiyo ya kumtetea baba. Sasa nimtetee binti.

Uliza wazee wa miaka sitini na zaidi katika kijiji chochote, watakutajia mtoto waliyesoma naye aliyekuwa akitembea kwa kushika goti. Hiyo ilikuwa polio. Mwaka 1985 Rotary walijifunga kibwebwe kuuondoa ugonjwa huo duniani, wakaanza kuchanga pesa za chanjo nchi baada ya nchi. Mwaka 1988 serikali za dunia, Shirika la Afya Duniani na UNICEF zikaingia pamoja nao katika kazi hiyo. Wakati huo inakadiriwa watoto 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Hapa kwetu mlipuko wa mwisho wa virusi hivyo ulikuwa mwaka 2013, ulipoanzia upande wa Dadaab na kuwapata watu 14. Hata hivyo usimkatalie mhudumu wa afya anayebisha mlango na kijisanduku cha barafu begani. Kuna aina nyingine ya virusi, inayotokana na chanjo yenyewe pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, na hiyo bado huzuka. Mwaka 2023 ilipatikana katika kambi za wakimbizi Garissa, na Oktoba 2024 watoto wa Nairobi walikuwa miongoni mwa waliotiwa matone tena. Mpe mtoto matone, apakwe wino kidoleni, yaishe.

Lions nao wana lao. Mwaka 1925 Helen Keller, yule mama wa Kimarekani aliyekuwa kipofu na kiziwi tangu utotoni, aliwahutubia katika mkutano wao mkuu kule Ohio, akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Hawakulisahau ombi lile. Ukipita Loresho, hapa Nairobi, utaiona hospitali yao ya macho, na kuna nyanya wengi waliofika huko wakiongozwa kwa mkono na kurudi nyumbani wakiwakaripia wajukuu kwa kuacha vyombo vichafu. Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa kikatili, lakini ni miongoni mwa yale ambayo daktari huyaondoa kwa upasuaji mfupi.

Basi, turudi Jumanne.

Tulifika hotelini mapema. Mlangoni kulikuwa na meza yenye vibandiko vya majina, na nilipewa changu kilichoandikwa jina langu la kwanza tu. Humo ndani hakuna Daktari wala Profesa. Mkurugenzi wa kampuni anaitwa kwa jina alilopewa na mama yake. Saa saba kamili mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, aliigonga kengele. Wimbo wa taifa ukaimbwa, sala fupi ikasomwa, wageni tukasimama tukajulishwa. Kisha tukala. Nilichunguza sahani zilizonizunguka kwa niaba ya baba wa binti: kuku, wali, mboga za majani, na kipande cha keki. Nikamuuliza jirani kwa sauti ya chini ni nani anayelipa. Akanionyesha risiti yake. Kila mwanachama hujilipia chakula chake na ada yake, na pesa zinazochangwa kutoka kwa umma huwekwa katika akaunti nyingine isiyonunua hata soda. Akasema mtunza hazina anayezichanganya hizo mbili hufukuzwa kabla keki haijaletwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni faini. Kuna mwanachama ambaye kazi yake ni kuwatoza wenzake kwa kisa chochote. Bwana mmoja alitozwa shilingi mia mbili kwa sababu simu yake ililia. Mwingine alitozwa kwa kuonekana gazetini, na aliyekaa naye meza moja akatozwa kwa kutoonekana. Mama mmoja alisimama mwenyewe akatoa elfu moja kwa sababu bintiye amejifungua salama. Mkebe ulipita ukijaa. Nilipotolewa mimi kama mwandishi wa gazeti, niliona heri nilipe kabla shtaka halijasomwa.

Kisha akaitwa mgeni wa siku.

Alikuwa mama wa miaka arubaini hivi, amejifunga leso juu ya rinda, mkoba umewekwa mapajani. Ndiye msimamizi wa kituo cha kutwa kilichoko mtaa mmoja wa Eastlands, kituo kilichoanzishwa na akina mama wenye watoto wa mtindio wa ubongo. Labda hujawahi kuishi na mtoto wa namna hiyo. Ubongo wake uliumia akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na viungo havimtii: mwingine shingo haikazi, mwingine miguu imekakamaa kama mkasi. Akili yake huenda ikawa nzuri kabisa lakini ulimi hauwezi kuyatoa maneno. Asubuhi akina mama huwaleta watoto, wawili hubaki zamu, na wengine huenda kufua nguo na kuuza mboga. Jioni kila mtoto hurudi kwao. Mwaka uliotangulia klabu hii ilikipaka kituo rangi na kukiletea viti kumi na viwili vya magurudumu, vilivyofika kwa kontena kutoka ng'ambo. Yule mama alialikwa kuja kutoa shukrani. Alipewa dakika tano.

"Bwana, samahani, Mama Mwenyekiti," alianza, na watu wakacheka kwa upole. "Asanteni kwa rangi. Asanteni kwa viti. Viti viko stoo."

Kicheko kikakatika.

Hakuwa na hasira. Alieleza kama mtu anayemweleza fundi mahali bomba linapovuja. Viti vile ni vya watu wazima. Mtoto wa miaka mitano ambaye mgongo wake haujakaza, ukimketisha ndani yake huteleza upande kama gunia la viazi lililofunguliwa; kifua kinabanwa, na ukimlisha hivyo chakula huenda njia ya hewa. Mmoja nusura wampoteze kwa uji. Isitoshe, kutoka barabarani hadi kituoni kuna mtaro na mawe, wala hakuna gurudumu linalopita. "Tumevifunika kwa gunia," akasema, "visishike kutu, mkija muvikute vizuri."

Halafu akasema wanachohitaji. Kituo hakina choo. Mama wa zamu humbeba mtoto mgongoni hadi choo cha kulipia, shilingi kumi kila safari. Mtoto wa miaka mitatu si kazi. Lakini wapo wa miaka tisa, kumi, wazito, waliokakamaa, na choo chenyewe ni cha kuchuchumaa. Mama wawili wameumia mgongo. "Na mama akiumia mgongo," akamalizia, "harudi kazini, na mtoto haji tena kituoni. Anafungiwa nyumbani. Tunao watatu wamefungiwa sasa hivi ninapoongea." Akaketi. Dakika tano hazikuwa zimeisha.

Nimekaa katika mikutano mingi, msomaji, lakini ni nadra kuusikia ukimya wa namna ile, na uma zikiwa mkononi.

Mjadala uliofuata ndio ulionifanya niandike makala haya. Bwana mmoja alisema viti vilitolewa na klabu rafiki ya ng'ambo, nayo inangojea ripoti yenye picha za watoto wakiwa wameketi; tukiwaambia viko stoo, mwakani hatupati kitu. Mwingine, kijana wa benki, akauliza ni nani atakayekata utepe wa choo. Watu walicheka, lakini swali halikuwa la mzaha. Choo hakina picha. Huwezi kusimama mbele yake na fulana mpya ukatabasamu. Mwanamke mmoja mfamasia akasema, pasipo kusimama, kwamba Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mwongozo tangu mwaka 2008 kwamba kiti cha magurudumu hupimiwa mtu kama kiatu, kwa hivyo kosa ni letu sisi tusiouliza.

Jirani yangu alikuwa kimya. Ndipo akasimama, akakohoa, akasema yeye ndiye aliyekuwa katika kamati iliyovipokea viti bandarini, na kwamba hakuwahi kufika kituoni siku isiyo ya sherehe. Akaomba atozwe faini. Hakuna aliyeitoza. Wakakubaliana watu watatu waende Jumamosi bila fulana wala kamera. Mimi nilijidukiza nikawa wa nne.

Yule mama alipokuwa akiondoka alimwomba mhudumu amfungie kuku wake ambaye hakumgusa. Mhudumu akamwambia hoteli hairuhusu. Mwenyekiti akamfunga yeye mwenyewe kwa kitambaa cha karatasi, na hakuna aliyethubutu kumtoza faini kwa hilo pia.

Jumamosi ile jirani yangu hakuongea sana. Alikuja na futi ya kupimia, akapima uchochoro, akapima ukuta, akauliza maji machafu yanaelekea wapi. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawauliza akina mama swali ambalo, kwa maneno yao, hawakuwahi kuulizwa na mgeni: kama ni ninyi wenye pesa mngeanza na nini? Walijibiana wenyewe kwa muda. Choo, chenye kiti cha kukalia na vyuma vya kushikilia pande mbili, na sehemu pana ya kumwogeshea mtoto akiwa amelala. Halafu viti vya mbao. Kumbe mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali ya karibu huwa anakuja mara moja kwa mwezi, na alikwisha kuwachorea vipimo vya kiti cha kila mtoto, chenye mgongo wa pembe, ubao wa kati ya miguu na meza ya mbele. Fundi seremala yuko hatua hamsini kutoka pale. Alikuwa ametengeneza kimoja kwa deni.

Nilimwona mtoto aliyekalia kiti kile. Msichana, labda miaka sita. Shingo imeegemea vizuri, mikono juu ya ubao, na alikuwa akimtazama jirani yangu usoni. Mamake akasema kabla ya hapo alikuwa akiitazama dari tu siku nzima, si kwa kupenda, bali ndiko shingo ilikoelekea.

Klabu imelipia viti vinne vya mbao hadi sasa. Kati ya vile kumi na viwili, viwili wamepewa wazee wa mtaani wanaovihitaji, na vilivyobaki vinatafutiwa hospitali. Ripoti ilipelekwa ng'ambo ikisema kweli tupu, na marafiki wale wakajibu kwa kuuliza fundi seremala yuko wapi. Sikutarajia hilo, nakiri.

Lakini choo hakijajengwa, na hapa ndipo penye mfupa. Kituo kimepanga. Ploti ni ya mtu, na mtu huyo anasita. Anaogopa kwamba klabu ikishajenga, akina mama watajiona wenyeji. Akina mama nao wanaogopa kinyume chake, kwamba choo kikishakuwa kizuri kodi itapanda, au wataambiwa wahame ili wapangaji wengine waingie. Jirani yangu anataka barua iliyotiwa sahihi na wote, itakayosema kodi haitapanda kwa miaka mitano. Bila barua hiyo klabu haitoi pesa, na mimi naona wana haki, maana pesa za watu hazimwagwi katika ardhi ya mtu kwa neno la mdomo. Mwenye ploti amesema anafikiria. Ni wiki ya tano anafikiria.

Nawe unapaswa kujua jambo moja kuhusu klabu hizi ambalo watu wa nje hawalijui. Uongozi wao ni wa mwaka mmoja tu. Tarehe 1 Julai mwenyekiti huvua mkufu wake, mwingine akauvaa, na kila mwenyekiti mpya huja na mradi aliouotea ndoto. Utaratibu huo una uzuri wake: hakuna anayeking'ang'ania kiti, na laiti vyama vyetu vingine vingeiga. Ila una maumivu yake. Kituo kilichopendwa mwaka huu huenda mwakani kikasahaulika, si kwa ubaya, bali kwa sababu kalenda imegeuka. Nimeambiwa anayeingia Julai anapenda miti. Miti ni mizuri. Lakini fungu la choo liko katika hesabu za mwaka huu, na likilala hadi tarehe 30 Juni bila barua ya mwenye ploti, litarudi kwenye mfuko, na mama wa zamu ataendelea kubeba.

Sasa binti yangu, nikujibu wewe. Baba yako ana haki juu ya picha. Wenzako wana haki juu ya kazi. Mimi ningependa ujiunge, kwa ruhusa yake, lakini kabla hujanunua hiyo fulana waulize wenzako kuhusu yale makao ya watoto mnayokwenda. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na tangu mwaka 2022 kuna mpango wa kitaifa wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia, kwa jamaa zao au kwa walezi. Sababu ni kwamba watoto wengi waliomo humo si mayatima. Wana mzazi hai au shangazi, ila umaskini ndio uliowapeleka huko, na unga wa wageni wa Jumamosi ni miongoni mwa vinavyowabakisha. Sisemi mtoto alale njaa ili sera itimie. Nasema mwulize msimamizi ni wangapi wana jamaa, na nauli ya kuwarudisha nyumbani wakati wa likizo ni kiasi gani. Huenda nauli hiyo ni chini ya bei ya fulana zenu. Na kama hawataki kukujibu, basi umejifunza kitu.

Pia muulize katibu wenu mmetembelea wapi mwaka jana, na ni nani aliyerudi huko baadaye. Usishangae akikuna kichwa. Jirani yangu ana miaka zaidi ya ishirini katika klabu, na alikikuna hadharani.

Kwa wale wenye vituo, vikundi na shule wanaoniandikia wakiuliza namna ya kuzifikia klabu hizi: mtafuteni mwanachama mmoja anayeishi karibu nanyi, mwambieni aje siku ya kawaida, wala msimpikie pilau. Barua iwe ya ukurasa mmoja. Semeni nyinyi wenyewe mmekwisha kufanya nini, hata kama ni kuchimba shimo. Msiombe mishahara wala kodi, kwa kawaida hawatoi. Na mkiletewa kitu kisichowafaa, fanyeni kama yule mama: shukuruni, kisha mseme kiko stoo.

Mama watoto amekwisha kuyasoma makala haya kabla yako. Ameuliza kama yule mwenye ploti ana mke. Nimemwambia anaye, na kwamba ana kibanda cha mboga pale pale barabarani. Akachukua kikapu chake, akasema mboga za huko ni nzuri kuliko za hapa kwetu. Ni majira ya saa nne asubuhi sasa, na bado hajarudi.

Tuonane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.